Subiri kadi ijayo? Hesabu iliyonikosesha jibu

Mpwa wangu anajifunza uhuishaji wa 3D, kazi inayotegemea kadi ya grafiki, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha. Usiku mmoja alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, feni ya kompyuta yake ikisikika nyuma: "Shikamoo mjomba. Pesa ya kadi imetimia. Ninunue sasa, au nisubiri hizo zinazokuja?"

Swali jepesi. Watu wengi wameshaniuliza, na jibu langu lilikuwa moja tangu enzi za GTX 970, kadi ya zamani ya Nvidia: kama unaweza kuvumilia, vumilia. Inayokuja itakuwa na nguvu zaidi, na iliyopo itashuka bei. Mwenye subira anashinda kotekote.

Safari hii nilibonyeza kitufe cha kurekodi, kisha nikakiachia. Nikamwandikia tu: "Marahaba. Nipe muda kidogo."

Wiki zikapita.

Wahenga nao hawakunisaidia. Wamesema subira yavuta heri, na hao hao wamesema ngojangoja huumiza matumbo. Ukachague mwenyewe.

## Robo, robo, robo

Kilichonifunga mdomo ni jedwali. Kadi kubwa ya Nvidia, RTX 4090, ilitoka Oktoba 2022, RTX 5090 ikafuata mwishoni mwa Januari 2025. Nikaziweka bega kwa bega, nikaacha kwanza kuangalia kasi, nikatazama yale ambayo matangazo hayana haja nayo.

Ukubwa wa kipande cha silikoni, yaani chipu yenyewe: milimita za mraba 608.5 kwa ile ya zamani, 750 kwa mpya. Umeme: wati 450, kisha 575. Bei ya uzinduzi: dola 1,599, kisha 1,999.

Piga hesabu. Kipande kimekua kwa asilimia 23. Umeme, 28. Bei, 25. Na waliozipima kadi hizi kwenye magemu ya 4K, bila kuhesabu fremu za kubuniwa, yaani picha za kati zinazokisiwa na akili mnemba, walipata nyongeza ya kasi inayocheza karibu na asilimia 30.

Robo, robo, robo, na kasi robo na chenji.

Sitaki kuwaonea Nvidia. Kuna kumbukumbu mpya ya GDDR7 humo, GB 32 badala ya 24, na sehemu za akili mnemba zimefumuliwa upya. Lakini kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni, kilichotokea ni kwamba aliongezewa silikoni, akaongezewa umeme, na akatozwa kwa kiwango kile kile. Hakuna mahali ambapo alipata cha bure.

Na sisi tulizoea cha bure. Kadi iliyotangulia, RTX 3090, ilikuwa na kipande cha mm² 628 chenye transista bilioni 28.3, zile swichi ndogo zinazofanya kazi ya chipu. Cha 4090 ni kidogo kuliko hicho, lakini kimebeba bilioni 76.3. Eneo limepungua, transista zimekuwa mara 2.7, na bei ya uzinduzi imepanda dola 100 tu. Huo ndio mruko niliokuwa nikiwashauri watu wausubiri.

Sasa tazama ulikotoka. 3090 ilitengenezwa na Samsung kwa nodi yao ya nanomita 8, nodi ikiwa ni kizazi cha teknolojia ya kuchapa chipu. Kwa 4090, Nvidia walihamia TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, kwenye nodi iitwayo 4N, ya ukoo wa N5. Waliruka karibu ngazi mbili kwa mkupuo mmoja. Kwa 5090 walibaki kwenye familia hiyo hiyo ya 4N, na transista zikafika bilioni 92.2, yaani asilimia 21 zaidi.

Jambo moja hunichekesha. Septemba 2022 Jensen Huang, bosi wa Nvidia, alitamka kwamba Sheria ya Moore, ile kanuni ya transista kuongezeka maradufu kila miaka miwili hivi, imekufa, akitetea bei, wiki ile ile aliyokuwa anazindua kizazi chenye mruko mkubwa kuliko yote niliyoishuhudia. Marehemu alikuwa bado anatembea mjini.

Baada ya hapo ndipo alipolala.

## Kiwanda kina nini mkononi

Kama mruko unatoka kiwandani, basi tetesi za kadi zinazokuja zisomwe kwa kuanzia kiwandani. Wavujishaji wengi wanaziweka kadi hizo kwenye nodi ya N3 ya TSMC. Sina ugomvi nao, ni dau la busara. Lakini wakishataja N3 wanafunga mjadala, wakati mjadala ndipo unapoanzia.

TSMC wenyewe walisema kwamba N3E, toleo mojawapo la N3, inabana mantiki, yaani transista zinazopiga hesabu, karibu mara 1.6 kuliko N5. Namba tamu. Tatizo ni kwamba chipu si mantiki peke yake. Kuna SRAM, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya kipande chenyewe, ambayo ndiyo hutumika kutengeneza kache, ghala la karibu la data inayohitajika mara kwa mara. Na seli moja ya SRAM kwenye N3E ina ukubwa wa mikromita za mraba 0.021.

Kwenye N5 ilikuwa 0.021.

Nilipoiona hiyo nilirudia kuisoma. Nodi nzima imepita, miaka imepita, mabilioni ya dola yamepita, na seli haikusogea. Ukichanganya mantiki, SRAM na zile saketi za analogia ambazo nazo ni ngumu kupunguza, chipu ya kawaida inabanwa karibu mara 1.3. Si 1.6. Na si 2.7 hata kidogo.

Hili linaumiza kadi za grafiki kuliko chipu nyingi nyingine, kwa sababu kadi hizi zimeshajifunza kutegemea kache. Kipande cha 3090 kilikuwa na kache ya L2 ya MB 6. Kadi ya 4090 ina MB 72. 5090 ina MB 96. Ile njia iliyotumika kuficha uchache wa kasi ya kumbukumbu ya nje ndiyo hiyo sasa inayoshika eneo lisilokubali kupungua.

Baada ya N3 kuna N2, yenye aina mpya ya transista ambayo lango linaizunguka njia ya umeme pande zote. Ahadi ya TSMC kwa N2 dhidi ya N3E: kasi asilimia 10 hadi 15 kwa umeme ule ule, au umeme pungufu kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ile ile, na msongamano mara 1.15. Halafu nodi ya A16, ambayo inahamisha nyaya za kuleta umeme hadi mgongoni mwa chipu ili mbele zibaki za mawasiliano tu. Intel wameshaingiza wazo hilo kwenye nodi yao ya 18A.

Nyaya za mgongoni, kusema kweli, ndizo zinazonisisimua kuliko hizo nyingine zote. Kadi ya wati 575 inaendesha silikoni yake kwa volti moja hivi, maana yake ni mamia ya ampea zinazopenya kwenye nyaya nyembamba kuliko chochote unachoweza kukiona. Kila ukinzani unaoondolewa njiani ni joto ambalo halikuzaliwa. Lakini TSMC walipoitangaza A16 walieleza wazi inawafaa nani: chipu za hesabu nzito. Usome hapo: vituo vya data. Mcheza gemu hakutajwa.

## Kibao kilichokatwa nusu

Sasa nifike kwenye kitu kilichoninyima usingizi zaidi, ingawa huenda kisituguse kwa miaka kadhaa.

Chipu huchapwa kwa mwanga. Mashine za ASML, kutoka Veldhoven huko Uholanzi, hupiga matone ya bati yaliyoyeyuka kwa leza, matone 50,000 kila sekunde, yakatoa mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo haupiti kwenye lenzi yoyote kwa sababu kioo kinaumeza, basi unaongozwa kwa vioo vya kuakisi vinavyotengenezwa na Zeiss. Unagonga kiolezo, unarudi, unachapa mchoro kwenye sahani ya silikoni. Mashine inasogea kidogo, inachapa tena.

Chukulia fundi anayechapa kitambaa kwa kibao kilichochongwa. Ua lake haliwezi kuwa kubwa kuliko kibao. Akitaka ua kubwa zaidi, lazima achape mara mbili na mistari ikutane sawasawa, na jicho kali litaona pale ilipoungana.

Kibao cha mashine za sasa kina milimita 26 kwa 33. Yaani mm² 858. Ndiyo maana hujawahi kuona chipu ya kadi inayozidi hapo, na ndiyo maana kile kipande cha 750 kiko karibu sana na ukingo.

Mashine mpya za ASML, zile zenye uwazi mpana wa kupitisha mwanga, kipimo cha 0.55 badala ya 0.33, zinachora mistari myembamba zaidi. Ya kwanza Intel walianza kuipokea Desemba 2023, huko Oregon. Ila ili vioo vifanye kazi na pembe hizo kali, wahandisi walilazimika kupunguza mchoro mara nne upande mmoja na mara nane upande mwingine. Matokeo yake, kibao ni milimita 26 kwa 16.5.

Mm² 429.

Kipande cha 5090 hakiingii. Cha 4090 hakiingii. Cha 3090 hakiingii. Teknolojia inayotakiwa kutuletea kesho haiwezi kuchapa kwa mpigo mmoja kadi tuliyokuwa nayo jana.

Nilishikilia wazo hilo kwa siku kadhaa, nikijiona nimegundua jambo. Kisha likalegea. TSMC wamesema hadharani kwamba hawazihitaji mashine hizo kwa A16, wala kwa A14, nodi ya baadaye inayolengwa 2028. Wataendelea kubana mashine walizonazo. Na mashine mpya zikija, zitachapa tabaka chache tu zilizo ngumu, tabaka ambazo zinaweza kuungwa. Hofu yangu basi ilikuwa ya kweli, ila ya mbali.

Hata hivyo kuna kitu imeniachia. Imenionyesha kwamba ukuta wa ukubwa hautavunjwa na lithografia. Kama kuna kuuvuka, ni kwa kugawanya.

## AMD walikwenda, wakarudi

Kugawanya kumeshajaribiwa. Desemba 2022 AMD, washindani wa Nvidia, walitoa RX 7900 XTX kwa dola 999: kipande kimoja cha mantiki kwenye N5, chenye mm² 304 hivi, kimezungukwa na vipande vidogo sita vya kache na njia za kumbukumbu, vilivyotengenezwa kwa N6 iliyo rahisi zaidi. Mantiki inayopungua ilipewa nodi ghali, SRAM isiyopungua ikapewa nodi ya bei poa. Ukikumbuka ile 0.021, utaona waliisoma hali mapema.

Kisha Machi 2025 wakaja na RX 9070 XT. Kipande kimoja. Mm² 357, transista bilioni 53.9, dola 599.

Kwa nini walirudi? Walishatangaza Septemba 2024 kwamba wanatafuta wateja wengi, hawagombei taji. Na kwenye ukubwa wa katikati kugawanya hakulipi. Sahani ya silikoni ina kipenyo cha milimita 300. Kwa hesabu yangu ya karatasi, vipande vya mm² 750 vitaenea kama 70 hivi. Vya mm² 357, kama 160. Tuseme sahani ina kasoro 70 zilizotawanyika. Vikubwa vitakavyotoka safi havifiki nusu. Vidogo, karibu saba katika kila kumi ni safi. Ukiwa na kipande kidogo huna maumivu ya kuyatibu kwa kugawanya.

Nvidia huyatibu maumivu ya kipande kikubwa kwa kuzima sehemu. Chipu ya 5090 imechapwa na vitengo 192 vya hesabu, lakini kadi unayouziwa ina 170 vinavyofanya kazi. Kasoro ikiangukia kwenye kimoja, kinazimwa, maisha yanaendelea.

Upande wa vituo vya data wameshavuka. B200, chipu yao ya akili mnemba, ni vipande viwili vikubwa vilivyounganishwa kwa njia ya terabaiti 10 kwa sekunde, transista bilioni 208 kwa jumla, na programu inaviona kama kimoja. Nilijiuliza: kwa nini hiyo isishuke kwetu?

Kwa sababu grafiki haina subira. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 kuisha, na ndani yake hatua nyingi zinategemeana, nusu hii ikihitaji kile ambacho nusu ile imemaliza sasa hivi. Waliowahi kufunga kadi mbili kwa SLI, njia ya zamani ya Nvidia ya kuziunganisha, wanaijua ile migugumizo ya picha. Njia kati ya vipande vya siku hizi ni ya kasi isiyolinganishwa na SLI, kwa hiyo naamini inawezekana. Lakini ufungashaji wake ni ghali, na kuna mteja mwingine anayeutaka.

## Foleni

Mwaka wa fedha wa Nvidia ulioisha Januari 2025 uliingiza dola bilioni 130.5. Vituo vya data: bilioni 115.2. Magemu: bilioni 11.35.

Weka hizo namba mbili mbele yako, halafu jifanye wewe ndiye unayegawa sahani za N3.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma tetesi kama habari za uhandisi. Swali la "watatumia nodi gani" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni nani atapewa sahani kwanza, na kipande kile kile kikiuzwa kwa maabara ya akili mnemba kinaleta kiasi gani kuliko kikiuzwa kwa kijana anayetaka kucheza gemu wikiendi.

Kumbukumbu nayo imeingia foleni hiyo hiyo. Samsung, SK Hynix na Micron ndio wanaotengeneza karibu yote, ya kadi zetu na ile ya HBM inayorundikwa ghorofa ghorofa pembeni ya chipu za akili mnemba. Micron walishaeleza kwamba HBM inakula sahani karibu mara tatu kuliko DDR5, RAM ya kawaida ya kompyuta, kwa ujazo ule ule. Kila HBM moja inapoongezeka, kumbukumbu za kawaida tatu zinakosa nafasi. Desemba 2025 Micron hao hao wakatangaza kuifunga Crucial, chapa iliyokuwa ikituuzia sisi watu wa kawaida. Bei za RAM zilikuwa zimeshaanza kupaa.

Tetesi tamu kuliko zote mwaka huo zilihusu kadi za Super, matoleo yaliyoboreshwa ya kizazi kile kile, zenye moduli za kumbukumbu za GB 3 badala ya 2, ili kadi ya kati iruke kutoka GB 16 hadi 24 bila kubadilisha chochote kingine. Moduli zenyewe zipo, RTX 5090 ya kompyuta mpakato inazitumia. Ila moduli hizo zinatoka kwenye mashine zilizojaa oda za wengine.

## Nilichomwambia mpwa

Nilimpigia, sikumwandikia.

Nikamuuliza matukio anayoyachora kwa Blender, programu yake ya 3D, yana ukubwa gani. Akasema yanaanza kugoma. Nikamuuliza kadi yake ya sasa ina kumbukumbu kiasi gani. Akasema GB 6.

"Basi nunua sasa," nikamwambia, "na usiangalie kizazi. Angalia GB."

Akabisha. Alitaka ya kisasa, na vijana wenzake wanaangalia namba ya mbele. Nikamwonyesha ngazi hii: RTX 3060 ya 2021 iliuzwa ikiwa na GB 12. RTX 4060 ya 2023, GB 8. RTX 5060 ya 2025, GB 8. Vizazi viwili vimepita na kumbukumbu imerudi nyuma. Tukio lisiloenea kwenye kumbukumbu ya kadi ama linagoma ama linakokotwa polepole kupitia RAM ya kompyuta, na hapo hata kadi yenye injini ya kasi inabaki kusubiri.

"Kwa hiyo mjomba, zinazokuja zitakuwa mbaya?"

La hasha. Zitakuwa nzuri. Ila sioni tena sababu ya kuamini kwamba zitakuwa rahisi, na ushauri wa kusubiri ulisimama juu ya mguu huo.

Alinunua 3060 ya GB 12 iliyotumika. Sijui kama alifurahi, ila amenitumia jengo alilolichora, lenye miti mingi kuliko inavyohitajika.

## Dau langu

Nisijifiche nyuma ya wasiwasi. Hiki ndicho ninachokibashiri.

Chipu kubwa ya magemu ya kizazi kijacho cha Nvidia itakuwa ndogo kuliko mm² 750. Sahani za N3 ni ghali mno na zinagombewa mno kwa mtu kuzichapia vipande vya ukubwa huo kwa ajili yetu. Tuseme itakuwa 650. Msongamano wa 5090 ukizidishwa kwa 1.3, kipande hicho kitabeba transista bilioni 104 hivi. Ni nyongeza ya asilimia 13 tu juu ya bilioni 92.2. Kilichobaki kitatafutwa kwenye kasi ya mapigo ya chipu na GDDR7 ya haraka zaidi.

Na jukwaani tutaambiwa ni mara mbili au tatu. Januari 2025 Huang alisimama Las Vegas akasema RTX 5070 ya dola 549 inatoa nguvu za 4090, na ilikuwa kweli ikiwa utakubali kwamba fremu tatu katika kila nne zimebuniwa na akili mnemba. Sizidharau fremu hizo, kwenye gemu fulani hazina shida. Kwa anayerenda filamu hazina msaada hata wa fremu moja.

Kitakachoniumbua ni chepesi kukiona. Ikitoka kadi ya magemu yenye kipande cha mm² 750 kwenye N3 kwa chini ya dola 2,000, hesabu yangu ya foleni itakuwa imevunjika, na ushauri wa zamani utarudi kazini. Ikitoka kadi yenye vipande viwili vya hesabu vinavyochora fremu moja, nitaipa uzito zaidi ya hiyo hata ikiwa ghali, kwa sababu itakuwa imefungua njia ya kukua bila kuugusa ukingo wa 858. AMD waligawanya kache. Injini yenyewe, kwenye kadi ya magemu inayouzwa dukani, bado hakuna aliyeigawanya.